Mafuta ya Mma Gosego

Hapa Mahalapye, Botswana, wanawake wa mtaa wetu tumesukwa na Mma Gosego, mma ni mama kwetu, kwa miaka kumi na minane, na wote tumenukia mafuta yake. Huyapika mwenyewe uani, mafuta ya mgando, nta na mafuta ya mbegu za tunda la marula, na huyapaka bila ubahili. Kwa vidole vile alimlea binti yake peke yake, na nywele za Gosego ndizo zilizokuwa tangazo la kazi: hatukuwahi kuziona kavu.

Gosego alipofika miaka kumi na mitano, paji lake la uso lilichipuka chunusi. Akaanza kuacha rasta za mbele zimwangukie hadi kwenye nyusi. Kisha akaacha kwenda kwaya ya shule, yeye aliyekuwa akiimba kila anapofua.

Mama yake hakukaa bure. Alimsugua uso kwa sabuni ya kufulia asubuhi, mchana na jioni, akampangusa kwa spiriti, mpaka ngozi ikawa nyekundu na kuanza kubambuka. Magwinya, yale maandazi ya njiani, akayapiga marufuku.

"Mama, inauma," Gosego alilalamika.

"Ikiuma ndiyo inafanya kazi."

Jumamosi moja nilikuwa nasubiri zamu yangu. Kitini alikaa Mma Seabelo, nesi wa zahanati, mwanamke asiye na haraka. Gosego alipita na ndoo, na mteja mmoja akamtania: "Wewe, pazia hilo utalifungua lini? Au tukugongee hodi?"

Tulicheka, na mimi nilicheka. Gosego aliitua ndoo, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nesi hakucheka. Alimwambia Mma Gosego asitishe kwanza kusuka, akaenda kubisha hodi. Walizungumza humo kitambo. Aliporudi akauliza, "Mma, mashavu ya mtoto ni safi, kidevu safi. Chunusi zimejipanga pale nywele zinapoanzia tu. Unampaka nini kichwani?"

Sote tulitazama kopo la mafuta.

"Mafuta yangu?" Mma Gosego alisema. "Haya haya yaliyokulelea wewe kichwa chako?"

"Kichwani ni mazuri. Lakini yanashuka usoni, yanaziba vinyweleo. Na zile rasta zinayashikilia pale pale. Umri wake wenyewe nao unachangia, si kosa la mtu. Ila sabuni ya kufulia, mma, achana nayo. Unamchuna mtoto."

Mma Gosego alimalizia kumsuka nesi, akivuta nywele kwa nguvu kuliko kawaida. Zamu yangu ilipofika, alinipaka mafuta maradufu.

Siku mbili hakumtaja nesi. Siku ya tatu alikuja kwangu, akaketi kwenye ngazi. "Nimempaka tangu ana miezi sita," alisema. "Nilidhani namrembesha." Nikamletea chai.

Jioni hiyo alimfumua Gosego rasta zote, akamwosha nywele, akazisuka upya kuelekea nyuma bila tone la mafuta kwenye ukingo. Uso ukaoshwa mara mbili tu kwa siku, kwa sabuni laini isiyo na manukato, bila kusugua. Duka la dawa liliwapa dawa ya chunusi, ile ya nguvu ndogo, ya kupaka kidogo usiku. Hakuna aliyewaonya kwamba dawa hiyo hupausha rangi ya foronya. Ile ya zambarau, zawadi ya bibi, iliingia mabaka meupe.

"Dawa inang'arisha mto, uso haijauona!" Gosego alisema, na mama yake akacheka hadi akakaa chini.

Wiki ya tatu hapakuwa na mabadiliko, na binti akatumbua chunusi mbili mbele ya kioo. Mama alimpigia nesi simu, akiwa tayari kulalamika. Nesi akasema, "Ipe dawa wiki nane. Na vidole avikalie. Zikizidi au zikiwa kubwa zenye maumivu, mlete."

Kufikia wiki ya tisa zilikuwa zimebaki chache, na mpya hazikutoka nyingi. Hakuna aliyemwambia arudi kwaya. Alirudi Alhamisi moja kwa sababu, alisema, aliyeshika sauti yake alikuwa anaiharibu. Yule mteja mtani alimletea magwinya ya moto kwenye karatasi, akayaweka mezani. Gosego aliyala yote.

Mma Gosego bado anapika mafuta yake. Ila sasa akikupaka hukukinga paji kwa kiganja, na wenye mabinti huwaambia, "Yaishie kichwani, mma. Usoni hayana kazi."

Juzi nilimkuta Gosego akichunguza madoa meusi yaliyobaki.

"Haya yataondoka lini?"

"Nesi alisema miezi," mama akajibu.

"Miezi mingapi?"

"Nenda kamuulize. Mimi ni msusi."