Mwaka Tuliokatazwa Kujua Kusoma

Wenzangu, kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na kwa maneno nitakayoyakosea. Mimi ni mtu wa darasa la saba, naandika polepole, na mbele za watu huwa siongei. Lakini karatasi hainitazami usoni, kwa hiyo leo nitasema.

Enzi zetu mambo yalikuwa mengine. Najua mtacheka, maana sijafika hata miaka thelathini na tayari nasema enzi zetu. Lakini huku kwetu, kati ya Masumbwe na Ushirombo, miaka inakimbia kuliko kwingine. Dhahabu ikionekana leo kwenye shamba la mtu, baada ya muda mfupi hapo pana gesti, baa na fundi simu. Watoto wa sasa hawajui kwamba pale penye baa tulicheza kombolela mpaka mama zetu wakatuita kwa majina ya ukoo, na kwamba mfukoni mtu hakubeba simu, alibeba michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga za kuchoma. Ukimpa mtoto wa leo michembe anakuuliza ni ganda la nini.

Shule yetu ya msingi ilikuwa na watoto wengi na walimu wachache. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" tuliitikia "Ndiyooo!" mbuzi wa jirani wakakimbia. Hiyo ndiyo ilikuwa falsafa ya elimu: sauti. Falsafa ya pili ilikuwa fimbo. Mzazi akimpeleka mtoto kuandikishwa alimwambia mwalimu, "Mimi nimekuletea ngozi na mifupa, nyama ni yako," na mwalimu alishukuru kama kapewa kitoweo.

Sasa, kijijini kwetu alikuwepo Mzee Kanti. Alikuwa Mhindi, lakini alizaliwa Shinyanga, na Kisukuma alikizungumza kuliko sisi. Zamani alikuwa fundi wa mitambo ya kuchambua pamba. Pamba ilipofifia akafungua duka la vipuri, mkewe akafariki, na uzee ukamkuta kwetu. Jioni, kuanzia saa kumi, alitandika mkeka barazani akafundisha watoto kusoma. Tulimwita Guruji, yaani mwalimu kwa lugha ya dini yao, ingawa bibi zetu walimwita Guluji na yeye aliitika.

Ukutani alitundika picha ya Saraswati, mungu wao wa elimu, mwanamke mwenye mikono minne, mmoja umeshika kitabu, pembeni yake bata mkubwa mweupe. Katekista wa kigango chetu alikuja kuikagua.

"Mikono minne ya nini?" akauliza.

Mama yangu, aliyekuwa akikaanga vitumbua vya kuuza pale pale pembeni ya baraza, akajibu bila kugeuka, "Ana kazi nyingi, katekista. Hata mimi ningepewa ningepokea."

Katekista akanunua vitumbua viwili, akaondoka. Dini zetu zilipatana hivyo.

Guruji hakuchapa. Kwanza alitukalisha kimya, macho tumefumba, tusikilize pumzi zetu. Nusu yetu tulilala, na hakutuamsha, alisema aliyechoka hafundishiki. Alitufundisha kwamba kitabu hakirukwi wala hakikanyagwi. Ukikikanyaga unakiokota, unakigusisha kwenye paji la uso, unakiomba radhi. Mwalimu mkuu wa shule yetu alimkuta mwenzetu Doto akiliomba radhi daftari lake la hesabu. Akalifungua, akatazama alama zilizokuwemo, akamwambia, "Endelea, omba sana."

Alituambia pia kwamba roho ya mtu huzaliwa tena na tena, na kile ambacho hukujifunza safari hii kinakungoja safari ijayo. Kulwa, pacha wa Doto, ambaye kwa uvivu hakuwa na mpinzani, alifurahi sana.

"Guruji, basi mimi nitasoma maisha yajayo."

"Sawa, mwanangu. Lakini unaweza kuja ukiwa mbuzi."

"Mbuzi hasomi?"

"Hasomi. Anakula daftari."

Siku hiyo Kulwa alisoma ukurasa mzima.

Fundisho lililowashinda wazazi ni lile la kufanya kazi bila kulikodolea macho tunda lake. Guruji alisema mtu asome kwa ajili ya kusoma, alime kwa ajili ya kulima, matokeo ayaache. Baba yangu, aliyeitwa Baba Limi kwa jina la dada yangu, alikuwa mchimbaji, na duara lake, lile shimo la kuingia chini kufuata mwamba, lilikuwa refu kuliko mnara wa kanisa. Alimsikiliza Guruji kwa heshima, halafu akasema, "Mzee Kanti, nikichimba bila kuitamani dhahabu, hicho ninachochimba ni choo."

Lakini kilicholeta balaa ni malipo. Guruji hakutoza ada. Alisema kwa desturi yao mwanafunzi hulipa mwishoni, akishajua, na mwalimu ndiye hutaja anachotaka. Malipo hayo huitwa dakshina. Wazazi walipiga makofi. Elimu ya kulipa ukishajua! Walituleta kwa mafungu.

Kisha wakaenda nyumbani wakafikiri. Huku kwetu mtu akisema atakuja kutaja anachotaka baadaye, watu hawalali. Baba aliitisha kikao kwenye kivuli cha karasha, ile mashine ya kusagia mawe, wakati imezimwa. Tulisikia yote kwa sababu tulikuwa nyuma ya lundo la mawe.

"Ataomba duara," alisema mmoja.

"Ataomba ng'ombe."

"Mhindi hali ng'ombe."

"Nani kasema atamla? Atamwomba tu!"

Baba akafunga kikao kwa hekima yake. Hatutawatoa watoto, maana elimu ni nzuri na ni ya bure. Ila bure hiyo inaisha siku mtoto atakapojua. Kwa hiyo watoto waendelee kusoma, lakini wasijue. Na kama mtoto akijua kwa bahati mbaya, asionekane. Wazazi wote wakakubali, na mimi mpaka leo sijaona kikao cha kijiji kilichokwisha kwa amani vile.

Basi tukaingia mwaka wa ajabu. Jioni tulisoma barazani kwa kunong'ona, na tukivuka barabara tulikuwa vipofu wa herufi. Tulipita mbele ya maduka tukisoma mabango moyoni, midomo imefungwa kama watu wenye jino bovu. Dada yangu Limi ndiye aliyeteseka zaidi, kwa sababu alijua kuliko sote na alipenda kucheka. Siku moja alikuwa anakula kitumbua kilichofungwa kwenye kipande cha gazeti, akaangua kicheko.

"Unacheka nini?" Baba akauliza.

"Nacheka karatasi."

"Karatasi ina nini?"

"Ina mafuta, Baba."

"Vizuri," Baba akasema. "Iache hivyo hivyo."

Shuleni nako tulishuka makusudi. Tulirudi nyumbani tumeshika mkia, na baba zetu walitupongeza kwa kutupa shingo ya kuku.

Guruji alijua. Mwalimu hawezi kukosa kujua nani anasoma kwenye mkeka wake. Lakini hakusema neno, maana kwa imani yake kuyadai matunda hadharani ni tamaa. Wazazi wanaficha tunda, mwalimu halitazami, na sisi katikati tumelishika mkononi hatujui tulipeleke wapi.

Ndipo akaja mwanawe, Dipak, kutoka Mwanza, kwa gari. Ilikuwa siku chache baada ya sikukuu yao ya taa. Gari lilivuta kijiji kizima mpaka barazani. Dipak alikuwa mtu mzuri, alitusalimia wote, akawapa shikamoo wazee, kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, umri umekwenda. Twende nyumbani. Hapa unakaa kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya hawa."

"Wanajua nini?"

Guruji akanyoosha pindo la mkeka. Dipak akachukua kitabu chetu cha hadithi. "Haya. Akisoma hata mmoja, nitakuacha na sitakusumbua. Asiposoma hata mmoja, unapanda gari leo."

Wenzangu, naomba mtuone pale. Sote tulijua kusoma. Sote tulimpenda yule mzee. Na nyuma yetu walisimama baba zetu, mikono kifuani.

Doto akapewa kitabu kwanza. Akakitazama sana, akasema, "Naona wadudu weusi." Kulwa akasema yeye atasoma maisha yajayo. Kilipofika kwangu, hata kudanganya sikuweza mbele za watu, nikampa Limi. Limi akakigeuza juu chini, akakitazama huku machozi yanamdondoka. Baba akakohoa kwa kuridhika.

Dipak hakufurahi. Alisema taratibu, "Miaka yote hii, Baba."

Guruji akainuka kwa kushika goti. Hakututazama vibaya. Akaanza kuukunja mkeka, kisha akanyoosha mkono kuitoa picha ya Saraswati ukutani.

Hapo Mama akaepua kikaango. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaja, akakigeuza kitabu mikononi mwa Limi kikakaa sawa, akaweka kidole kwenye mstari.

"Si-si-miz... Sisimizi... a-li-be-ba..."

"Mama Limi!" Baba akafoka. "Nyamaza! Unatuingiza kwenye deni!"

Mama akainua mkono wa pili bila kuondoa kidole. "Subiri, Baba Limi, nifike kwenye nukta."

Akafika. Sisimizi alibeba punje ya mtama kichwani. Akaenda sentensi ya pili. Alikosea neno, akarudi, akalishika. Nimesikia watu wanasoma vizuri zaidi tangu siku hiyo, lakini sijawahi kusikia watu wakinyamaza vile.

"Nani alikuandikisha wewe?" mzazi mmoja akauliza.

"Vitumbua," Mama akasema. "Mnadhani masikio yangu nayo yalikuwa kwenye mafuta?"

Baba akageuka wakili. "Mzee Kanti, huyu hukumfundisha. Alisikia tu. Kusikia hakuna malipo."

"Amejua?" Guruji akauliza.

"Amejua," Baba akakubali kwa shida.

"Basi dakshina ipo."

Watu wakasogea. Hata Dipak alisogea. Mama akasema, "Taja, Mzee."

Guruji akamwita kwa Kisukuma, kama mtu amwitavyo mama. "Mayu, namtaka mumeo."

Ilipigwa kelele ambayo karasha lisingeifikia. Mama alimtazama Baba kuanzia kofia mpaka kandambili. "Mchukue," akasema. "Lakini hajui kupika."

"Simtaki jikoni. Namtaka kesho saa kumi, mkekani, na watoto. Nitakurudishia akishajua."

Dipak alicheka mpaka akaegemea gari, kisha akaliwasha akaondoka peke yake, kwa sababu neno lake alilitoa mbele za watu.

Kesho yake Baba alikuja. Alikaa kati yangu na Kulwa, magoti yamemfika masikioni, akafumba macho asikilize pumzi zake. Alisema, "Mzee Kanti, nikijua nitapata nini?"

"Utajua."

"Halafu?"

"Hakuna halafu, Baba Limi."

Alihema kama aliyeambiwa duara limeingia maji. Lakini alirudi siku iliyofuata, maana Mama alisema deni ni lake na hataki kusemwa sokoni. Basi na sisi tukafunguka. Kila mtoto aliyesoma mbele za watu, Guruji alimdai mtu mmoja wa nyumbani kwao. Ikawa zamu ya wazazi kujificha. Doto alisoma bango la duka, babu yake akahamia shambani kwa muda. Alikuja kupatikana, naye akajua.

Guruji alikaa kwetu mpaka miguu ilipokataa kumbeba, ndipo Dipak akamchukua kwa heshima, na Baba ndiye aliyeukunja mkeka. Sekondari mimi sikwenda, nafanya kazi kwenye karasha. Limi anafundisha chekechea huko Kahama, karibu na mgodi wa Buzwagi.

Siku hizi kijijini kwetu ipo shule ya Kiingereza yenye basi la njano. Unalipa kabla, ada, basi, sare, na hela ya mahafali. Nimeona mtoto wa miaka mitano amevaa joho jeusi, anahitimu kupaka rangi, na baba yake analia. Vijana wetu nao wana simu inayoweza kuleta vitabu vyote vya dunia, wanaitumia kuandikiana "mambo" na kujibiwa "poa" tangu asubuhi mpaka chaji iishe. Sisi tulijua tukajifanya hatujui, na ulikuwa ujinga, siwezi kuutetea. Ila mtoto aliyeficha kitu alijua anacho. Huyu wa joho, ukimvua, sijui kama atabaki na kitu cha kuficha, na hakuna anayesubiri nje kumdai chochote, kwa hiyo hakuna atakayegundua.

Niandikieni, wenzangu mliokua nyakati hizo. Niambieni mwalimu wenu alikuwa nani na aliwadai nini. Msiogope urefu. Msiweke siri tu, kwa sababu anayekwenda Masumbwe kuchukua barua ni Baba, na hawezi kuona maandishi akayaacha. Huzisoma barabarani, kwa sauti, kidole kwenye mstari, na zikinifikia kijiji kizima kimeshajua mnaendeleaje.