Mbao Kumi na Mbili za Seremala

Dada ninayetaka kuwasimulia habari zake yuko hai, na kesho asubuhi atakwenda kazini kama kawaida. Nilimwomba ruhusa kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza amevua viatu, miguu ameiweka juu ya kigoda, akanijibu bila kufungua macho: "Simulia tu. Mimi hata nguvu ya kukukataza sina." Ni mpiga chapa wa ofisi ya wilaya, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Barua za watu wengine, ripoti za watu wengine, makosa ya watu wengine ya kusahihisha. Ukimwona mgongo utadhani amebeba mawe ujana wake wote, kumbe alikuwa amekaa kwenye kiti.

Kijijini kwao walimwita Vidole, na jina hilo alilipata kabla hajawahi kuiona kompyuta hata kwa mbali. Hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Baba yake alikuwa seremala. Mama alifariki binti akiwa bado anajifunza kutembea, wakabaki wawili, baba na mwana, katika nyumba yenye harufu ya gundi na maranda hadi kwenye sufuria. Umeme haukuwapo. Shule ilikuwa na madarasa manne, na mwalimu wa hesabu ambaye siku moja alichaguliwa kwenda mjini kwenye semina ya kompyuta ya wiki mbili. Alipotoka huko hakuwa mtu yule yule tena. Kila neno lililomtoka lilianza na "Semina ilisema." Semina ilisema dunia inabadilika. Semina ilisema mtoto asiyejua kompyuta atabaki kushika jembe. Hata mvua ikichelewa, watu walimtania: "Mwalimu, semina ilisemaje?" Jina likamganda, akawa Mwalimu Semina.

Kompyuta hakurudi nayo. Alirudi na kitabu, nacho kilikaa miezi kadhaa katika kabati la ofisi ya shule, mchwa wakakipata kabla ya wanafunzi. Hawakula kitabu kizima, maana mchwa nao wana uvivu wao. Walikula ukingo wa kulia, kurasa arobaini hivi, na mojawapo ya kurasa hizo ndiyo iliyokuwa na picha ya kibodi.

Mwalimu Semina akampelekea seremala kitabu hicho.

"Nataka mbao kumi na mbili," alisema. "Kila ubao uwe na vitufe kama hivi. Watoto wajifunze vidole kwanza. Mashine itakuja, lakini vidole vianze leo."

Seremala aliutazama ule ukurasa kwa muda. "Huku upande wa kulia hakuna kitu, Mwalimu."

"Semina ilisema herufi ni ishirini na sita. Malizia zilizobaki."

Basi seremala akahesabu. Herufi zilizoonekana zilikuwa ishirini na moja. Zilizobaki zilikuwa K, L, M, O na P. Nafasi zilizobaki zilikuwa mbili safu ya juu, mbili ya kati na moja ya chini. Alikuwa mtu wa mpangilio, hapendi kitu kikae ovyo, kwa hiyo akazipanga kwa zamu yao, kama zinavyoimbwa darasa la kwanza: K na L juu, M na O katikati, P chini. Alichonga vitufe kimoja kimoja, akachoma herufi kwa msumari wa moto, akapiga msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu la mtoto. Kazi ilimchukua miezi miwili, jioni kwa jioni, baada ya milango na meza za wateja. Hakudai chochote. Alisema tu, "Binti yangu atakuwa darasani humo."

Hivyo ndivyo watoto wa pale walivyojifunza kompyuta. Mwalimu anagonga meza kwa rula, wao wanabonyeza mbao, kwa pamoja, huku wakitamka herufi. Anachoandika yeye ubaoni kwa chaki ndiyo skrini. Kipindi kikiisha, kila mtu anagusa pembe ya ubao wake "kuzima", na asiyezima anafagia darasa. Kuna siku mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, nimebonyeza, mbona kitu hakitokei?" Mwalimu akamwambia, "Kimetokea kichwani kwako. Kama hukioni, tatizo si la ubao."

Vidole alianza akiwa na miaka kumi na moja. Alifika mahali anachapa bila kutazama, anachapa huku anaongea, anachapa juu ya goti lake wakati wa kula mpaka baba anamwambia, "Mwanangu, uzime basi, tule." Wageni wakija karakana, baba alimwita: "Njoo uwaonyeshe." Yeye anafumba macho, ubao unatoa mlio wa mvua juu ya bati, na baba anatazama pembeni kama mtu asiyehusika, lakini masikio yote yako pale.

Alipomaliza shule, akiwa na miaka kumi na tisa, tangazo lilifika: ofisi ya wilaya inahitaji mpiga chapa. Mtihani ni kuchapa barua, maneno thelathini kwa dakika, makosa yasizidi matatu. Vijana wawili wa kijijini wakasema wamechoka hata kabla ya kwenda. Yeye alikwenda, nusu siku juu ya lori la matofali, na kitambaa kichwani kilichokuwa cheupe alipoondoka.

Huko ndiko alikoketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Chumba kilikuwa na mashine tatu, feni moja iliyozunguka kwa kujilazimisha, na karani mkuu, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Barua ilihusu mkulima na pampu ya maji. Vidole akaweka macho kwenye karatasi, kama alivyofundishwa, akaanza. Hakutazama skrini hata mara moja. Wenzake waligeuka kumtazama, kwa maana hapo chumbani hakuna aliyewahi kusikia kasi kama ile.

Karani mkuu akasimama nyuma yake. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwanangu," alisema polepole, "hii ni lugha gani?"

Binti akainua macho. Pale alipoandika "mkulima" palikuwa na "koupika". Barua nzima ilikuwa hivyo.

"Mashine ni mbovu, mama," alisema.

"Hebu hamia ile nyingine."

Akahamia. Ikawa vilevile. Ndipo alipoitazama kibodi kwa mara ya kwanza, akaitazama upande wa kulia, akaikuta M iko chini, pale palipokuwa na P ya baba yake.

Yule mama hakumcheka. Alimkalisha pembeni. "Vidole vyako vina kasi kuliko vya karani wangu yeyote. Ila vinakwenda kwingine. Umefundishwa na nani?"

"Shuleni."



"Nafasi hii nitaishikilia miezi mitatu, siwezi zaidi. Rudi ukiwa umevinyoosha. Usiponyooka, nitamchukua anayechapa polepole lakini sawasawa." Akampa kalamu, akamruhusu achore ile kibodi nyuma ya karatasi ya namba yake ya mtihani.

Nyumbani baba alikuwa amemngoja mlangoni. "Enhe?"

"Wamesema nirudi baada ya miezi mitatu, baba."

"Ofisi!" alisema seremala, akacheka. "Wana mambo mengi hao. Kasi wameiona lakini?"

"Wameiona."

Akatosheka na hilo. Jioni hiyo alimsimulia kila aliyepita njiani kwamba wameiona kasi.

Sasa, ndugu zangu, anayejifunza kitu kipya ana kazi moja. Anayejifunza upya kitu alichokizoea vibaya ana kazi mbili, na ile ya kwanza ni kukisahau. Vidole alichora kibodi sahihi juu ya boksi, akawa anajifungia chumbani alasiri. Vidole vilimkatalia. Tena kulikuwa na jambo jingine: asubuhi alikuwa akimsaidia Mwalimu Semina kufundisha darasa la wadogo, watoto kumi na wawili, kwenye mbao zile zile. Anawatamkia, anawaonyesha, vidole vyake vinarudi kule kule kwa zamani. Alichojenga alasiri anakibomoa asubuhi. Mwezi wa kwanza ukaisha hivyo. Alikonda. Baba akamwambia wasiwasi wa mtihani usimmalize, kasi anayo.

Kuacha kufundisha hakukusaidia kitu, maana alijaribu wiki moja, akawa anapita nje ya dirisha la darasa na kuusikia ule mlio wa mvua. Watoto kumi na wawili, wepesi kabisa, wanakwenda kwingine wote kwa pamoja. Akajiona mwizi.

Akaamua kusema ukweli, akaanza na Mwalimu Semina, akidhani huko kutakuwa rahisi. Mzee alikitazama kile kipande cha boksi muda mrefu, kisha akaketi.

"Nilipoziona zile mbao mara ya kwanza, nilihisi kuna kitu," alisema. "Nikasema labda ni mimi nimesahau. Kule semina tulikuwa watu wanane kwa mashine moja, mwanangu. Mimi nilikaa nyuma. Kwa siku kumi na nne nilichokiona vizuri ni kisogo cha mwalimu wa jiografia."

"Utamwambia baba?"

"Mimi?" Akatikisa kichwa. "Nina miaka hamsini na nane. Nimechoka. Baba yako ana randa mkononi."

Basi ikabaki kwake. Alikwenda karakana siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Baba alikuwa anaunga fremu ya mlango. Aliweka boksi juu ya meza ya kazi, mbele yake, na ubao mmoja wa shule kando yake. Seremala hahitaji kuelezwa vipimo. Alitazama kimoja, akatazama kingine, akaweka kidole kwenye K, akakihamisha.

"Hiki ulichora wapi?"

"Ofisini. Kutoka kwenye mashine yenyewe."

"Kwa hiyo hukuambiwa urudi kwa sababu ya mambo mengi."

"Hapana, baba. Nilishindwa."

Akaiweka nyundo chini. "Kitabu kilikuwa kimeliwa. Ningefanyaje? Niache mapengo kama mdomo wa kizee?"

"Ungeuliza."

"Nimuulize nani? Mwalimu wako aliyekaa nyuma ya watu saba?" Kumbe alikuwa akilijua hilo siku zote. Akageukia dirishani. "Miaka minane unawaonyesha wageni wangu. Na mimi nimesimama hapo, najiona mtu."

"Ishirini na moja ziko sawa, baba. Ni tano tu."

"Tano ni nyingi."

Alikaa juu ya rundo la mbao. Sijui kama mmewahi kumwona fundi anayeitazama kazi yake mwenyewe na kuona pale ilipopinda. Uso unamwanguka kama turubai lililokatwa kamba. Binti alitaka kuomba msamaha, kisha akaona hana kosa la kuombea, naye akakaa. Wakakaa hivyo, wote wawili, mikono juu ya magoti.

Mwishowe baba akasema, "Zilete zote."

Binti alipendekeza wafute zile tano tu. Baba alikataa, alisema ubao wenye kiraka ni kama shati lenye kiraka, watoto watazitazama zile herufi tano siku zote na kuuliza. Akapiga randa uso mzima wa kila ubao, herufi zote ishirini na sita, mbao zote kumi na mbili. Macho yake hayakuwa yale ya zamani, kwa hiyo kazi ya msumari ikawa ya binti. Kila alasiri alichoma herufi, moja baada ya nyingine, mahali pake. Ananiambia hapo ndipo zilipoingia. Boksi halikumfundisha kitu, lakini ukiichoma M mara kumi na mbili huku moshi unakuingia machoni, mkono unaanza kuelewa inakaa wapi. Baba alishika ubao usitikisike. Siku moja alisema, bila kuinua kichwa, "Sasa hii O iko vizuri. Ile yangu ilikuwa imekaa kama mgeni." Wakacheka, kicheko kifupi, kila mmoja akarudi kwenye moshi wake.

Wadogo walilia siku ya kwanza, maana wepesi wao wote ulikuwa umepotea. Wiki ya tatu wakasahau kwamba waliwahi kujua vingine. Kwake yeye haikuwa hivyo. Alirudi kwa karani mkuu miezi mitatu ilipokaribia kuisha, akachapa ile barua ya mkulima na pampu akijizuia kama mtu anayeteremka mlima na mzigo kichwani. Maneno thelathini na moja, makosa matatu. Kosa moja zaidi wangemrudisha.

"Kasi yako ya mwanzo iko wapi?" aliuliza yule mama.

"Nimeiacha nyumbani."

"Basi. Jumatatu uanze."

Alifika kwao kesho yake, jua likiwa bado kali. Baba alikuwa karakana, anaunga kabati peke yake, bega moja limeegemea ubavu wa kabati, mkono wa pili unatafuta parafujo.

"Nimepata, baba. Naanza Jumatatu. Itabidi nihamie huko."

Seremala alikuwa amezeeka miezi ile mitatu, au binti ndiyo kwanza alikuwa anamwona. Akakipata alichokuwa anakitafuta, akakiweka kati ya midomo, halafu akakitoa tena ili aweze kusema.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana, mwanangu. Hebu nishikie upande huo."

Akaushika. Kabati lilikuwa zito, la mninga, na baba alikuwa akifunga parafujo zake taratibu sana.