Kozi Moja Iliyobaki

Nyumbani na mtaani walimwita Mawingu, na jina hilo alilipata kwa haki kabisa. Ukimtuma vitunguu, atarudi mikono mitupu, uso unang'aa, akueleze kwamba njiani kuna ukuta wa matofali ya matundu, na kwamba amesimama pale akitafuta mahali mchoro wake unapoanza kujirudia. Vitunguu je? Vitunguu vipi? Mtu wa namna hiyo huwezi kumgombeza ukamaliza. Unacheka tu, unavaa viatu, unakwenda kununua mwenyewe.

Binti huyu alikuwa anaingia mwaka wa tatu wa shahada ya hisabati. Kozi karibu zote zilikuwa zimejichagua zenyewe, kwa sababu zilikuwa za lazima, na kwa lazima hakuna mjadala. Ilibaki nafasi ya kozi moja ya hiari. Kuchagua kungefungwa Ijumaa, na nafasi hiyo moja ilimsumbua kuliko nyingine zote zikiwekwa pamoja.

Kaka yake hakuona kinachomsumbua. Alikuwa karani katika kampuni ya bima, mtu wa kuvaa tai hata siku za mapumziko.

"Chukua takwimu," alimwambia wakiwa mezani. "Meneja kaniambia kwa kinywa chake: Mdogo wako akija na takwimu, mwakani kiti chake kipo. Sasa unataka nini tena?"

Mawingu alitaka mafundo. Kulikuwa na mhadhiri mmoja, mama mwenye mvi, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kamba kwa kuwa mkoba wake haukukosa kamba. Yeye alifundisha nadharia ya mafundo: namna ya kujua kama fundo linaweza kufunguka bila kukatwa, au kama halitafunguka hata ulihangaikie vipi. Mama huyo alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Hakuna mwingine aliyeifundisha kozi hiyo, na akiondoka inaondoka naye. Mawingu alipita siku moja mlangoni pa darasa lake, akaona kamba ikizunguka hewani kati ya vidole vile vyembamba, na tangu siku hiyo hakuwa mzima.

"Mafundo!" kaka alisema, akacheka mpaka tai ikaingia kwenye mchuzi. "Utakula mafundo?"

Baba yao aliendelea kula. Alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba kimoja kinachotazama barabara, vyerehani viwili, meza ya kukatia na pasi. Alijulikana kwa desturi moja: hakati kitambaa siku kilipoletwa, hata umlilie. "Kilale kwanza," husema, na kukitandaza mezani mpaka kesho asubuhi. Wateja walimtania kwamba vitambaa vyake vinapata usingizi kuliko wao. Lakini nguo zake zilikaa mwilini vizuri, basi wakaamini kwamba siri ni usingizi huo.

Mchana, akitoka chuo, Mawingu alimsaidia kushona vitu vyepesi. Juma lile kulikuwa na aproni za jiko la shule, na kazi yake ilikuwa kushonea mikanda ya shingoni. Wa kwanza aliusokota kidogo kabla ya kushona ncha ya pili, makusudi, aone kama msokoto ule unaweza kuondoka bila kufumua. Akaugeuza huku, akaugeuza kule. Jua likahama kutoka kizingitini hadi kwenye mguu wa meza, cherehani cha baba kikinguruma kwa mbali kama mvua ya mtaa wa pili, naye akawa ndani ya ule mkanda, anatembea juu yake, upande wa nje ukawa wa ndani na wa ndani ukawa wa nje. Mikono nayo haikusimama. Aliposhtuka, aproni zote zilikuwa zimekwisha, na baba alikuwa anazikagua moja moja, akizipiga pasi.

"Safi," alisema baba. "Leo umetulia."

Keshokutwa yake mpishi mkuu wa shule akaja amebeba furushi zima, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Fundi, umetushonea aproni au mitego? Jiko zima leo tumekaa shingo upande!"

Akavaa moja kuonyesha. Mkanda ulikuwa umejisokota shingoni. Akavaa ya pili, vilevile. Zote zilikuwa vilevile, zimesokotwa upande mmoja, kwa uangalifu mkubwa. Mawingu alitamani ardhi ipasuke.

Lakini aibu yake haikudumu, kwa sababu aliinua macho akamwona baba. Baba alikuwa ameshika aproni, anaisogeza karibu na uso, karibu zaidi, halafu akaacha kuitazama, akapitisha vidole kwenye mkanda. Vilipofika kwenye msokoto, vikasimama. Baba yake, ambaye huona uzi uliolegea kwenye koti la mpita njia, alikuwa amezikagua zile aproni zote na kusema safi.

Mpishi alipoondoka, Mawingu aliuliza kwa sauti ndogo, "Baba, huoni?"

"Naona asubuhi," alisema baba. "Nikisimama hapo mlangoni, mwanga unapoingia, mstari wa chaki nauona. Mchana ukipita, sina changu. Daktari anasema macho yatazidi kupungua nguvu."

"Na vitambaa kulala?"

"Zamani yalikuwa maringo ya fundi tu. Siku hizi nasubiri jua, mama."

Papo hapo Mawingu akakata shauri: takwimu. Atakaa kwenye kile kiti cha bima, alete mshahara, baba apumzike. Iliuma, tusidanganyane. Ilimuuma kifuani kama mtu aliyemeza tonge la moto mbele ya wageni, na hakuruhusu uso useme chochote.

Alhamisi alasiri wakawa wanafumua mikanda, yeye na baba, magoti yakigusana. Akamwambia amechagua takwimu. Baba akaendelea kufumua.

"Na ile ya kamba?"

"Ile basi."

"Basi vipi? Ile ni kitu gani hasa? Kaka yako alicheka, hakueleza."

Mawingu akachora fundo kwenye karatasi. Baba akaisogeza usoni, akamrudishia. "Mimi na karatasi tumeshaagana," alisema. "Nipe kitu cha kushika."

Mawingu akachukua kamba ya aproni, akafunga fundo lenyewe, legevu, lenye vitanzi vitatu. Akatunga uzi sindanoni, akampa baba, naye akaziunganisha ncha mbili kwa mishono midogo kiasi kwamba huwezi kujua kamba ilianzia wapi. Kisha baba akafumba macho. Vidole vikaanza safari.

"Hapa inapita juu. Hapa chini. Juu... chini..." Alizunguka hadi akarudi alikoanzia. Akavuta hapa, akalegeza pale, akapindua. Barabara nzima ilikuwa inapita pale mlangoni na kelele zake, naye hakuisikia. Mawingu aliutazama uso ule na kuutambua. Kumbe umawingu haukuanza na yeye.

"Halifunguki?" aliuliza baba mwishowe.

"Halifunguki."

"Umejaribu sana?"

"Siyo kujaribu, baba. Ipo njia ya kuonyesha kwamba hata watu wote wajaribu, halitafunguka. Njia yenyewe bado siijui. Ndiyo inayofundishwa."

Baba alilipindua fundo tena. "Miaka yote hii, uzi ukijifunga fundo, nakata," alisema. "Sikuwahi hata kuuliza." Akalibonyeza fundo katikati ya viganja. "Hizo takwimu utanisomea, nami nitasema ehe, ehe, kama ninavyomwitikia kaka yako. Hii naiona."

"Na matumizi ya nyumba, baba?"

"Kushona nashona hata macho yamefumbwa. Kinachonishinda ni kukata. Asubuhi, kabla hujaenda chuo, nikatie."

"Mimi?" Mawingu aliogopa kweli. "Baba, mimi na mkasi?"

"Ndiyo maana kitambaa kinalala. Na wewe lala. Asubuhi utakuwa umerudi duniani."

Mawingu akacheka huku analia, na Ijumaa akachagua mafundo. Kaka alikasirika, na alikuwa na sababu. Kiti cha bima alipewa mwingine, na hakikurudi. Asubuhi Mawingu alikata vitambaa mlangoni, ulimi umemtoka nje kwa woga. Suruali ya kwanza ilitoka na mguu mmoja mfupi. Baba akaigeuza kaptula, akamwomba mteja radhi.

Darasa la kwanza la Mama Kamba lilikuwa na wanafunzi wachache wa kujaza benchi moja. Mawingu alirudi mchana ule moja kwa moja, bila kusimama kwenye ukuta wa matofali. Baba alikuwa amesogeza cherehani pembeni. Alikaa mlangoni, amenawa mikono, ameiweka magotini.

"Haya," alisema, akakunjua viganja. "Leo mmefika wapi?"

Mawingu akafungua mkoba, akatoa kamba.