Saumu Kamtaja Mwalimu Mwingine

Jamani, leo nimepiga makofi huku moyo umenuna.

Nilialikwa mahafali ya darasa la saba, shule moja hapa Ikwiriri. Saumu akasoma risala bila kukwama hata neno.

Huyo Saumu nilimfundisha mimi kusoma, kule Mbwara, watoto sita kitabu kimoja, kabla mama yake hajahamia huku.

Mgeni rasmi akamuuliza, "Nani kakufundisha kusoma vizuri hivi?"

"Mwalimu Zuhura!"

Zuhura, mwalimu wake wa hapa, akasimama akapunga mkono. Na anajua fika kuwa ni mimi niliyemfundisha kusoma!

Nikamngoja mtoto mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona hukunitaja?"

Akashangaa. "Lakini wewe si unajua, mwalimu?"

Najua, mwanangu. Mimi nilitaka wasikie wengine.

Walimu wenzangu, nisemeni tu.