Pazia katikati ya jeep ya Masera

Siku yangu ya kwanza ya kazi kwa Bamasera, ni kusema masista wa Kanisa, wa Bukavu, niliulizwa kama najua kusoma. Nikajibu: «Kidogo, kama herufi ni kubwa na hakuna mutu ananisukuma.» Masera Godelieve, Mubeleji murefu aliyekuwa Supérieure, ni kusema mukubwa wa nyumba, alicheka mpaka miwani ikateleza. Akanituma niwasalimie wamama wazee kumi na wawili waliokaa barazani. Nikarudi nikamutajia wote: M'Bisimwa, M'Cirhuza, M'Kahasha, mpaka wa mwisho, kila mumoja na kilima alichotoka. Akasema: «Maman Espérance, karatasi zangu hazijue hivi. Anza kesho.»

Nyumba ile ilikuwa ya wamama wasiokuwa na pa kukaa: wajane, vipofu, wengine walifukuzwa kwao kwa kusingiziwa uchawi. Mimi asubuhi nilikuwa jikoni. Kisha nilikuwa interprète: Masera anasema Kifaransa, mimi nageuza kwa Mashi, lugha ya sisi Bashi, mama anajibu, mimi namurudishia Masera. Nyinyi vijana munaofanya kazi hii leo, musifupishe sana. Siku moja M'Kahasha alieleza mambo yake mpaka supu ikaungua, na mimi nikamuambia Masera: «Anasema hapana.» Masera alinitazama, nikaona aibu. Nikaanza upya, nikasema yote, na supu tuliikula hivyo hivyo.

Masera Godelieve aliporudi kwao kuzeeka, akaja Masera Ludmila, Mupolonye mufupi, mutu wa Polandi, mwenye mbio. Huyu alikuwa akipanda ngazi mbili mbili, na Bukavu ni mji wa ngazi na vilima, ndiyo maana wote tuliomufuata tulikonda. Swahili yake ilikuwa ya kwake peke yake, lakini roho yake ilikuwa safi.

Wakati wake koko M'Bisimwa, ni kusema bibi M'Bisimwa, wa kilima cha Nyantende, alikuwa amemaliza miaka sita bila kuona. Macho yalifunikwa na utando mweupe, ule madaktari wanaita cataracte. Alikuwa na mutoto mumoja tu, Furaha, aliyeolewa mjini. Mutu mugeni anauliza: kwa nini asikae kwa Furaha? Kwetu mama mukwe na bwana wa binti yake hawalali nyumba moja, hawali pamoja, hawaangaliane uso. Si chuki. Ni heshima, na heshima ile ni nzito kuliko gunia ya simenti. Koko alikuwa anasema: «Nikipata macho, narudi kulala kwangu. Nimechoka kuongozwa mukono kama mbuzi ya sadaka.»

Basi, daktari wa macho kutoka mbali akafika hospitali ya Katana. Masera alipata nafasi ya koko siku ya mwisho. Kesho yake asubuhi, akisha kutoa bandeji, daktari anapanda ndege, na hakuna aliyejua kama atarudi.

Asubuhi ya safari shoferi wetu alishikwa na malaria. Parokia ikatukopesha wake, Papa Deo, mutu mupole, mvi kidogo. Mimi namuleta koko kwa mukono, Papa Deo anafungua mulango wa jeep, anatuona. Akaruka! Akajificha nyuma ya gurudumu na kofia usoni.

«Papa Deo, iko nini?»

«Maman Espérance, huyu ni mama ya Furaha. Ni mukwe wangu! Mungu wangu, utanifanya nini?»

Masera akaangalia saa. «Nini sasa? Panda, panda!»

Nilimueleza. Hii mara sikufupisha. Masera akashika kichwa: «Lakini koko haoni kitu! Hawezi kumuona!»

Koko akanyoosha shingo. «Muambie Masera: mimi sioni, lakini yeye iko na macho.»

Masera akanyoosha mukono kuomba ufunguo. Kisha akasema ataendesha yeye mwenyewe. Tulimuomba sana asifanye hivyo. Mara ya mwisho alipoendesha, geti letu lililala chini.

Koko akaanza kulia, polepole, bila sauti. «Munirudishe kitandani. Afadhali giza kuliko kumuletea mukwe wangu aibu.» Nikajua tukichelewa saa moja zaidi, macho yale yamekwisha. Nikakimbia refectoire, chumba cha kulia, nikatoa nguo ya meza ile kubwa ya Pasaka, yenye maua. Nikafunga ncha moja huku, ncha ingine kule, katikati ya jeep. Mbele, Papa Deo na Masera. Nyuma, koko na mimi.

Tukaondoka. Barabara ya Katana inajulikana. Shimo la kwanza, koko akaruka mpaka juu.

«Muambie shoferi apunguze mbio.»

Nikasema: «Papa Deo, koko anasema upunguze.» Katikati yao nusu mita tu, wote Bashi, wote wanasikia vizuri!

«Muambie koko ni mashimo, si mbio.»

«Koko, anasema ni mashimo.»

«Muambie mashimo nayajua tangu zamani. Mbio njo mupya.»

Masera akageuka: «Wanasema nini?» Na mimi nikaanza tena, kwa Kifaransa. Siku ile nilifanya kazi ya watu watatu.

Kwenye bariere askari akaona maua ya Pasaka ndani ya jeep. «Munaficha nini huko?» Akainua pazia, akakutana na uso wa koko.

Nikamuambia: «Chef, huyu ni mama mukwe, na yule mbele ni mukwe.»

Askari akaachia pazia kama imemuunguza. «Pardon, maman! Pardon, papa!» Akainua bariere mwenyewe, hakuuliza hata karatasi moja. «Pitisheni bukwe hii mbio, kabla mukubwa wangu hajafika!»

Masera aliniuliza kama ile pazia tunaweza kuibakiza hapo kila safari.

Daktari alikuwa anavua glavu tulipoingia. Akamuangalia koko, akavaa zingine.

Kesho yake asubuhi walitoa bandeji. Koko alihesabu vidole vya daktari, akahesabu vya Masera, akaniangalia mimi, akasema: «Espérance, sauti yako ni ya mutu munene.» Kisha akaomba nimupeleke dirishani. Chini, Papa Deo alikuwa anaosha jeep, ametugeuzia mugongo makusudi.

«Njo yeye?»

«Njo yeye, koko.»

Akasogea mpaka paji likagusa kioo. «Mugongo haikatazwe,» akasema. «Shati imepigwa pasi. Furaha anamutunza.»

Alirudi Nyantende kweli. Papa Deo alimujengea jiko mupya, akifanya kazi siku za soko tu, wakati koko hayuko.

Leo nimepumzika, magoti yamekataa ngazi za Bukavu. Bamasera walinifanyia misa na keki, na Supérieure wa sasa, kijana sana, akaniomba nimuachie shauri moja la kazi. Pengine alingojea neno la sala. Nilimuambia sala anaijua kuliko mimi. Shauri langu ni hili: shoferi akija kuomba kazi kwako, soma permis yake ya kuendesha, soma barua ya padri wake, kisha weka karatasi chini, umuulize: «Papa, wewe ni mukwe wa nani?»