Namba ya Tribhuvan Ukutani

Tribhuvan Vishwakarma alikuwa mchora matangazo, na hakuna ukuta kandokando ya reli ya Ballia hadi Mau ambao brashi yake haikuugusa. Alianza kazi akiwa na miaka ishirini, na kwa miaka sita mteja wake mkubwa alikuwa mmoja: Tabibu Qudrat Beg, bingwa wa siri za wanaume. Matangazo ya saruji na mbolea yalikuja yakapita. Tabibu Beg alidumu. UMEOA UKAAIBIKA? NGUVU ZIMEKWISHA? MAKOSA YA UTOTONI? USIKATE TAMAA, PIGA SIMU LEO. Herufi nyekundu juu ya chokaa nyeupe, kila moja na kimo cha mbuzi.

Sasa niambie, wewe mwenye akili timamu. Kijana anayeandika maneno hayo mara nane kwa siku, miaka sita mfululizo, ataingiaje chumba cha harusi akiwa na amani? Mimi ningetorokea kwa nyuma kabla hata ya kuvishwa shada la maua. Tribhuvan hakutoroka. Alioa mwezi wa Mei, kwenye joto la kuyeyusha lami, akaingia chumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Mke wa kaka yake, Malti, alimletea glasi ya maziwa ya moto yenye lozi na zafarani. "Kunywa yote, shemeji, usije ukatuaibisha!" alisema mbele ya shangazi wanne, nao wakacheka mpaka mitandio ikawadondoka vichwani. Kisha mlango ukafungwa, na shangazi hao wakaketi palepale nje ya mlango, wakimenya karanga.

Ndani, bibi harusi Indravati, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa amejifunika sari hadi kidevuni. Tribhuvan akaketi kando yake. Akawaza lozi. Akasikia karanga zikipasuka huko nje, kra, kra. Akaziona herufi nyekundu kila alipofumba macho. Na pale alipotakiwa kuwa mwanamume, jogoo hakupanda mtungi. Akajishurutisha, akajikaripia moyoni, na kadiri alivyokaripia ndivyo mambo yalivyozidi kulala. Mwisho akageukia ukuta akasema kichwa kinamuuma.

Kichwa hicho kiliuma mwezi mzima na ziada.

Shangazi wangeweza kudanganywa. Kilichomtisha Tribhuvan ni Sawan, mwezi wa mvua, ambapo bibi harusi hurudi kwao kidogo. Kaka yake huja kumchukua, na bibi harusi akifika kwao, mama yake humketisha, humpaka mafuta ya nywele na kumuuliza yote. Mama akiridhika, mkwe huitwa aje kumfuata mkewe. Asiporidhika, mkwe atabisha hodi mpaka mlango uchakae. Tribhuvan alijua kwamba Sawan ikianza, Indravati akienda kama alivyokuja, harudi. Na ubaya ni kwamba alikuwa ameanza kumpenda, jamani. Alipenda anavyogombana na mbuzi wa jirani kana kwamba ni mawifi zake, na anavyoimba vibaya huku akipika, bila haya.

Akaenda kwa Tabibu Beg. Aliingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku.

"Umekuja kuchukua rangi?" tabibu akauliza.

"Hapana, Tabibu. Nimekuja... kama wateja wengine."

Tabibu Beg alimshika mshipa wa mkono, akafumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. "Makosa ya utotoni. Kujichezea kule."

"Tabibu, hayo si maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe?"

"Umeyaandika, lakini hukuyasoma."

Akapewa unga mweusi wa kunywa na maziwa, na masharti: asile kitu kichachu, asikojoe akiwa amesimama, asiwaze jambo hilo kabisa. Asiwaze! Kesho yake aliamkia juu ya ngazi, anaandika NGUVU ZIMEKWISHA. Unga wenyewe haukumpa nguvu ila za kukimbilia chooni.

Katika wiki hizo akili yake haikuwa mahali pake, na ndipo alipofanya kosa. Wachora matangazo wa huko wana desturi: ukimaliza kazi, pembeni chini unaweka jina lako na namba yako ya simu kwa herufi ndogo, ili anayetaka mchoraji akupate. Namba ya mteja inakaa katikati, kubwa. Tribhuvan aliandika namba yake mwenyewe pembeni, kisha akaiandika tena katikati, kubwa. Kuta arobaini na moja.

Simu ya kwanza ilimkuta nyumbani, anakula chapati na achari ya embe.

"Halo, Tabibu?"

"Mimi si tabibu, umekosea namba."

"Ah, Tabibu, usinifukuze. Namba nimeitoa ukutani, karibu na daraja."

Tribhuvan alikimbia hadi darajani, na pale, kwa mwandiko wake mwenyewe mzuri, akaiona aibu yake ina tarakimu kumi. Kufuta hakuwezi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na chokaa haikauki mvuani.

Basi wakapiga. Akapiga mwalimu wa hesabu. Akapiga askari aliyekuwa likizo, akalia. Akapiga bwana harusi wa siku mbili, amejificha katikati ya miwa, ananong'ona. Siku za mwanzo Tribhuvan alikata simu. Kisha akaanza kusikiliza. Kisha, niseme ukweli, akawa anaisubiri ilie. Maana wote walisimulia hadithi moja: nikiwa peke yangu mambo safi, akija mke, zii. Nikilazimisha, zii kabisa. Yeye aliyedhani ni peke yake duniani aliyelaaniwa! Kumbe wilaya nzima inaumwa kichwa.

Siku tano kabla ya Sawan, saa nane mchana, akapiga mtu mwenye sauti ya kisomi.

"Tabibu, nina tatizo la mke. Nimeoa Aprili."

"Asubuhi ukiamka, vipi?" Tribhuvan akauliza. Kufikia sasa maswali alikuwa anayajua.

"Asubuhi iko sawa. Maana yake mishipa ni mizima, damu inakwenda, hakuna ugonjwa. Ni woga tu. Mtu akijipa mtihani kila siku, mwili unakataa kuufanya."

Tribhuvan akasimama wima. "Una hakika hakuna ugonjwa?"

"Bwana, mimi ni daktari! Kila siku nawaeleza vijana hivyo hivyo. Nawaambia wiki mbili wasijaribu kabisa. Marufuku. Waongee, washikane mikono, walale. Woga ukiondoka, mengine yanarudi yenyewe. Na wenye sukari au presha nawapima."

"Na wanapona?"

"Wengi wanapona."

"Sasa wewe mbona unanipigia mimi?"

Kwenye simu ilisikika feni ikizunguka. "Kwa sababu mimi hakuna wa kuniambia," alisema daktari.

Mganga hajigangi, wahenga walisema, na walijua walichosema. Tribhuvan akakohoa, akaikaza sauti kama ya Tabibu Beg. "Daktari. Nakupiga marufuku wiki mbili. Ongea na mkeo. Mwambie unaogopa."

"Nimwambie hivyo, waziwazi?"

"Waziwazi."

"Asante, Tabibu," akasema daktari, na alikuwa anashukuru kweli.

Tribhuvan alipogeuka, Indravati alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dengu. Alikuwa anachagua mawe, lakini mkono ulikuwa umesimama.

"Unasikia?" akasema. Hakuwahi kumwita mumewe kwa jina, nani huko huita. "Wanapiga wangapi kwa siku?"

Tribhuvan alitamani ardhi impasukie. "Ishirini. Juzi thelathini na moja."

"Na wote ni hilo?"

"Wote."

Indravati akaweka sinia chini. Ghafla akaanza kulia, kilio cha hasira, machozi anayafuta kwa kiwiko. "Mimi nilidhani ni mimi! Mwezi mzima unageukia ukuta. Nilidhani nanuka. Nilidhani ulitaka mwingine, wazazi wakakulazimisha. Nimejiangalia kwenye kioo mpaka nimejichukia, na wewe mdomo umeufunga, unawaongelesha askari!"

Lo! Hilo Tribhuvan hakuwa amelifikiria hata siku moja. Wiki zote hizo alikuwa akijihurumia peke yake, bwege yule, wala hakumwona mwenzake aliyelala nyuma ya mgongo wake.

"Naogopa," akasema. Likatoka dogo, kama la mtoto. "Indu, nakuogopa wewe. Ukinisogelea tu moyo unanikimbia."

"Mimi? Mimi ninayeogopa mijusi?"

"Wewe."

Indravati akamtazama, kamasi zinamtoka, kisha kicheko kikamponyoka. "Haya. Daktari umemwambia nini? Marufuku wiki mbili?"

"Wiki mbili."

"Basi marufuku. Nipishe, nataka kulala mchana bila kuangalia mgongo wako."

Walilala wameshikana mikono, wakaongea mpaka mate yakakauka: mbuzi wa jirani, shangazi na karanga zao, askari wa likizo. Siku ya nne marufuku ikavunjwa na wote wawili, kidogo, nusunusu, na ilipogoma katikati hakuna aliyegeukia ukuta. Indravati alisema tu, "Amekwenda kunywa chai, atarudi," wakacheka mpaka Malti akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Kesho yake Sawan ikaingia, na kaka yake Indravati, jitu la mabega mapana liitwalo Ramashray, akaja na mwavuli. Akanywa chai, akala, akainua sanduku la bati la dada yake. Likamshinda.

"Dada, umepakia mawe humu?"

Kifuniko kikafunguka. Ndani mlikuwa na blanketi la pamba, shali tatu za sufu, masweta, na vyombo vyote vya harusi. Ilikuwa Julai, watu wanatokwa jasho hata wakiwa wamekaa. Malti akalitazama blanketi, kisha akamtazama Tribhuvan, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamke anayebeba vya baridi mwezi wa mvua hana mpango wa kurudi.

Indravati uso ukamwiva. "Nililifunga mwezi wa Juni," akamwambia, yeye peke yake, kwa sauti ya chini.

Kisha akainama. Vyombo akamkabidhi Malti. Akatoa blanketi, akamrundikia mumewe mikononi. Juu yake shali ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu masweta, mpaka Tribhuvan akabaki macho tu.

"Viweke juu ya kabati," akamwagiza. "Panya wasivile. Nitavihitaji baridi ikianza."

"Sasa unakwenda na nini?" Ramashray akauliza.

"Sari mbili. Siku kumi zinataka nini?"

Tribhuvan alilia palepale uani, nyuma ya sufu, na kwa joto lile kila mtu alidhani ni jasho.