Sema Nijue Upo

Jumamosi, manyunyu tangu asubuhi. Fundi baiskeli jirani alikuwa akichoma kiraka, na harufu ile ya mpira ikanirudisha kwenye mteremko wa kutoka Amani, kule milimani.

Miaka ile ya foleni za unga, baba alinipakia kwenye kerieri ya baiskeli yake, tukapeleka ng'onda, samaki wa kukausha, milimani kubadilisha kwa mahindi na maharage. Kurudi, nilikaa juu ya gunia. Breki zilikufa na vipuri havikupatikana, basi baba alifunga tawi la mti nyuma liburuzike, huku akikandamiza ndala kwenye gurudumu mpaka ikanuka. Hakuweza kugeuka.

"Sema, mwanangu, nijue upo."

"Niseme nini, baba?"

"Chochote. Ukinyamaza nitajua umeanguka."

Nikataja kuku wetu, majirani, sura za Kurani nilizohifadhi chuoni. Labda njia haikuwa ndefu hivyo, nilikuwa mdogo. Kila kona aliitikia, "Ehe!" Tulipofika bondeni sauti ilikuwa imenikauka.

Nyumbani mama akauliza, "Huyu mbona bubu leo?"

"Mwache. Kazi yake kaimaliza."

Jioni ile tulikula makande ya nazi, na baba akanipakulia mimi kwanza.